Brashi ya Mahameli

Mjomba wangu ni fundi wa makochi, na ukikaa naye hata nusu saa utajua kwamba hapendi maswali. Si mtu wa kufoka. Anachofanya ni kujaza misumari mdomoni. Huishika kwa midomo, sita au saba, vichwa vikichungulia nje, na ukimuuliza jambo anaelekeza kidole mdomoni kana kwamba anasema, hunioni niko kazini? Nimewahi kumwona akiijaza na hapakuwa na kochi hata moja la kugongelea. Mama alikuwa ndiyo kwanza amemuuliza ataoa lini.

Karakana yake iko chini, mimi na Mama tunakaa juu yake, kwa hiyo nyumba yetu inanuka gundi siku zote na wageni hutuuliza kama tumepaka rangi. Yeye analala chumba cha nyuma, kando ya marundo ya sponji. Mama ni dada yake mkubwa na bado anamwita Kitinda, kwa kuwa ndiye wa mwisho kuzaliwa kwao, ingawa Kitinda mwenyewe ana kitambi na upara unaoanza. Nikitoka shule nafanyia hesabu zangu kwenye kona ya meza yake ya kukatia, maana ndiyo meza kubwa kuliko zote tulizonazo, na ndivyo nilivyoyaona haya yote kwa macho yangu.

Jambo la pili la kujua kuhusu Mjomba ni mahameli. Kitambaa hicho kina vinyweleo, na vinyweleo hivyo vimelala upande mmoja. Ukipitisha mkono kufuata ulalo wake, kinang'aa. Ukipitisha kinyume, kinafifia na kuonekana kichafu. Ukikata kipande kimoja kikatazama juu na kingine kikatazama chini, kochi litaonekana lina rangi mbili. Mwaka juzi alifumua kochi zima la watu watatu, la mteja aliyekuwa ameshalipokea na kulisifu, kwa sababu ya mto mmoja uliogeuzwa. Mteja alisema haoni tofauti yoyote. Mjomba alisema yeye anaiona, na akalirudisha karakana kwa mkokoteni. Tangu nikiwa mdogo mle ndani nimefundishwa sheria moja tu: usipitishe mkono kinyume.

Sasa paka.

Nesi mmoja alileta kochi lake la watu wawili libadilishwe kitambaa. Mjomba alipong'oa kile cha zamani alikuta manyoya marefu ya kijivu chini ya mito, mengi kiasi cha kujaza mfuko wa sukari. Nesi alipokuja kuchagua rangi, Mjomba akamuuliza kwa upole kama nyumbani kwake wanalaza kondoo. Nesi akacheka, akatoa simu, akatuonyesha picha.

Nilidhani ni picha ya kutengenezwa. Paka amekaa juu ya friji na mkia wake umeshuka mpaka kwenye mpini wa mlango. Masikio yana vishungi, vidole vina vishungi, na shingoni amevaa manyoya kama skafu. Nesi akasema ni jamii ya paka wakubwa waliotokea nchi za baridi kali, kwamba wanaendelea kukua mpaka miaka minne, na huyu amefika kilo nane na nusu. Akasema pia kwamba hapendi sana kulia nyau kama paka wengine. Akikufurahia anatoa mlio mfupi wa kooni, kama ndege anayeuliza kitu. Nikamuuliza anakula nini, kama anaogopa maji, kama nchi za baridi wanalala nje. Alijibu yote, kisha akasema shida yake: amehamishiwa hospitali nyingine, na nyumba za wafanyakazi huko haziruhusu mnyama.

Mjomba akasema amlete amwone. Alipomleta, Mjomba aliweka kiganja mgongoni mwa yule paka, akakitelezesha hadi mkiani, na nikaona uso wake ukibadilika. Akatoa misumari mdomoni ili aseme vizuri.

"Hiki hakiuzwi kwa mita," alisema.

Wakakubaliana mwezi mmoja wa kujaribu. Jumamosi ya mwisho, kabla ya kusafiri, nesi angepita. Akimkuta paka ana afya na amezoea, abaki kwa Mjomba moja kwa moja. Ikiwa sivyo, kulikuwa na mama mmoja mwenye duka la mapazia, ameshaona picha zake na anamtaka akae dirishani avutie wateja. Mjomba hakulipenda kabisa hilo neno dirishani. Alinung'unika siku nzima kwamba kiumbe hai atawekwaje pale kama sampuli, na kwamba huyu hatoki hapa hata iweje.

Tukamwita Meneja, kwa sababu siku ya kwanza alipanda meza ya kukatia, akajilaza juu ya kitambaa cha mteja, akatutazama tukihangaika. Kinyozi wa mlango wa pili alikuja kumwona, akasema hatimaye karakana imepata mtu mwenye akili.

Mjomba ana brashi moja ya nywele za farasi, laini sana, ya kumalizia mahameli. Hata Mama haruhusiwi kuigusa. Hiyo ndiyo aliyompa Meneja. Robo saa asubuhi kabla ya kufungua, robo saa jioni baada ya kufunga, kutoka shingoni kwenda mkiani, akifuata ulalo. Manyoya yakang'aa mpaka yakawa yanaakisi taa. Watu walisimama barabarani kutazama. Katikati ya mwezi nesi alipita mbio akiwa na sare za kazi, akamwona Meneja amelala mezani, akasema mbona anang'aa kuliko alipokuwa kwake. Mjomba alitembea siku mbili kama mtu aliyepandishwa cheo.

Kisha mambo yakaanza kuharibika, na hakuna aliyejua kwa nini.

Meneja aliacha kuruka mezani. Alitembea ameitanua miguu ya mbele, kama mtu aliyevaa suruali mbichi. Alijilamba makwapa bila kupumzika, ukimnyanyua anang'ata, na chakula anakiacha nusu. Mjomba akabadilisha samaki. Akabadilisha bakuli. Akalihamisha bakuli. Akasema ni joto, akaleta feni. Akasema ni kiburi cha paka wa kifahari. Halafu akaamua kwamba brashi ndiyo haitoshi, akaongeza: nusu saa asubuhi, nusu saa jioni. Na kadiri alivyopiga brashi ndivyo Meneja alivyozidi kumchukia. Akiiona tu anaingia chini ya fremu ya kochi na kufura, na Mjomba anabaki amechuchumaa na brashi yake, jasho linamtoka, akibembeleza giza.

Mimi nikaenda kusoma kwenye kompyuta ya shule. Nikaona kwamba paka wa jamii hii ana manyoya ya tabaka mbili. Ya juu ni marefu na yanateleza. Ya chini ni mafupi, laini kama pamba, na yasipochanwa kuanzia kwenye ngozi yanashikana. Nilirudi nikikimbia, nikamweleza Mjomba yote pasipo kupumua. Alinisikiliza mpaka mwisho, nakiri hilo.

"Wewe umesoma," alisema. "Mimi nimeshika."

Nikasema basi tumpigie nesi tumuulize yeye alikuwa anamchanaje. Akachukua misumari, akajaza mdomo.

Nilipanda ngazi nikiwa na hasira za kulia. Mama alikuwa anakunja nguo na hakushangaa hata kidogo. Alisema Kitinda alianza shule akiwa amevaa viatu kushoto kulia, watoto wakamcheka, na badala ya kuvibadilisha akadai ndivyo vilivyoshonwa. Akavivaa hivyo hivyo mpaka vikaisha. "Mtu alikubali malengelenge," Mama alisema, "wewe unamletea kompyuta."

Jumanne ya wiki ya mwisho Meneja alikuwa amelala, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi akaniacha nimguse. Nikapitisha vidole chini ya kwapa lake. Pana kitu kigumu, kikubwa kama kiberiti. Nikasogea tumboni, pana kingine, kipana zaidi. Nilimwita Mjomba kwa sauti ambayo hata mimi sikuitambua. Akapiga magoti, akagusa. Tulifikiria jambo lilelile, kwamba ni uvimbe, uvimbe wa kuua. Akamwingiza kwenye kizimba chake cha plastiki, akafunga karakana saa tisa alasiri, mteja akiwa amesimama mlangoni ameshika sampuli.

Daktari wa mifugo alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono mipana ya mtu aliyezoea ng'ombe. Alimpapasa Meneja kwa muda mfupi sana.

"Huu si uvimbe," alisema. "Hizi ni nywele."

Akamchoma sindano ya usingizi, akawasha mashine. Ilichukua zaidi ya saa nzima. Manyoya hayakutoka kama manyoya. Yalitoka kama kipande kimoja, kama blanketi kuukuu lililofuliwa kwa maji ya moto likajikunja. Yalikuwa yameshikana kutoka makwapani hadi tumboni hadi nyuma ya mapaja, na kila Meneja alipopiga hatua yalikuwa yanamvuta ngozi. Chini yake ngozi ilikuwa nyekundu, na mahali pamoja ilichubuka. Juu yake manyoya ya nje yalikuwa yamelala safi kabisa, yote upande mmoja.

Daktari akauliza huwa anachanwa na nini. Mjomba akatoa brashi mfukoni, kumbe alikuja nayo. Daktari akaipitisha kwenye mkono wake mwenyewe, akasema hii inapapasa tu. Akasema kwa juu hajawahi kuona paka aliyetunzwa hivi, na kwa chini ni kama hakuwa na mwenyewe mwezi mzima. Kisha akatuonyesha kitana cha chuma chenye meno marefu, jinsi ya kugawa manyoya, kuyainua, kuanza kwenye ngozi na kwenda kidogo kidogo, hata kinyume cha ulalo.

"Kinyume," Mjomba alirudia, kama mtu aliyeambiwa aende sokoni uchi.

Tulirudi na kiumbe ambaye sijui nimweleze vipi. Kichwa kikubwa chenye skafu yake kilibaki, na mkia ulibaki, kama ufagio wa kutolea utando wa buibui. Katikati palikuwa na mwili mwembamba wa rangi ya waridi, kama kuku aliyenyonyolewa. Kinyozi alitoka mlangoni kwake na mkasi mkononi, akamzunguka Meneja mara moja.

"Fundi," alisema, "hata mimi sinyoi hivyo, na wateja wangu hawana kucha."

Mjomba hakucheka. Zilikuwa zimebaki siku tatu kabla ya Jumamosi.

Mama alimwambia ampigie nesi. Mimi nikamwambia ampigie nesi. Jumatano alisema asubiri kwanza paka apate nguvu. Alhamisi alisema simu haina chaji, simu yenyewe ikiwa mkononi mwake inawaka. Nilitamani kumnyang'anya nipige mwenyewe. Akagombana na muuza sponji, akagombana na Mama kuhusu mlango wa choo, akagongelea mguu wa kochi upande usio wake na asiuone mpaka mteja alipomwonyesha. Meneja alikuwa chini ya fremu muda wote. Mjomba akipita karibu, paka anajikunyata. Na kila akijikunyata, Mjomba anakwenda kumfokea mtu mwingine.

Ijumaa nilirudi kutoka shule nikamkuta Mjomba kwenye cherehani, anashona mahameli ya kijivu. Nilidhani ni mto. Kisha nikaona matundu manne.

Nikamuuliza. Hakuwa na misumari mdomoni, ikabidi ajibu. Alisema paka wa manyoya amenyolewa, atapata mafua, lazima afunikwe. Siku hiyo mle ndani palikuwa na joto la kuyeyusha gundi. Kava lilikuwa na zipu tumboni na lastiki shingoni, na vinyweleo vilikuwa vimelala kutoka kichwani kwenda mkiani, sawasawa, kazi safi sana. Ukiwa mbali, kwa mwanga hafifu, kama hujawahi kuona paka, ungeweza kudanganyika.

"Mjomba," nilisema, "yule ni nesi. Atamshika."

Akasema nimpitishie mkasi.

Jumamosi asubuhi tukamvisha. Meneja alisimama sekunde mbili hivi, kisha akaanguka ubavu, polepole, kama mti uliokatwa. Akabaki pale miguu imenyooka, macho wazi. Nilidhani amekufa. Mjomba akamsimamisha, akaanguka upande wa pili. Akamwekea samaki puani. Pua ikacheza, mwili ukakataa. Tulikuwa tunamsimamisha mara ya nne nesi alipopiga hodi, nusu saa kabla ya muda, teksi ikimsubiri nje na mizigo juu.

Alitazama kava. Akamtazama Mjomba. Akapiga magoti kwenye vumbi la mbao na suruali yake ya safari, akafungua zipu.

Mkono wa Mjomba ulielekea kwenye kopo la misumari, ukaishia njiani.

"Nimemharibu mimi," alisema. "Nilimpiga brashi kila siku, asubuhi na jioni, juu tu. Huyu mtoto aliniambia. Sikusikia. Jumanne daktari akamnyoa."

Nesi alikagua makwapa, tumbo, mapaja, kwa vidole vya mtu aliyezoea vidonda. Meneja, akiwa nje ya kava, alinyanyuka mwenyewe, akamsogelea, akasukuma kichwa kwenye shingo yake na kutoa ule mlio, wa ndege anayeuliza. Mwezi mzima hakuwahi kututolea sisi. Mjomba akageuka, akaanza kupanga mikasi iliyokuwa imeshapangwa.

Nesi akasema yeye pia ana kosa. Kwake kuchana chini ni kama kupiga mswaki, hakufikiria kuna mtu wa kuelekezwa. Lakini alikuwa amekasirika na hakuficha. Angepigiwa simu tu Jumanne ileile. Nywele zitaota, alisema, nywele si hoja. Hoja ni hii, akanyanyua kava na kulitupa mezani. Akasema samahani fundi, siwezi kumwacha hapa. Akampiga Meneja picha, akamtumia yule mama wa duka la mapazia, na kumwambia anakuja naye sasa hivi.

Mjomba alikwenda kuleta kizimba. Alikifuta ndani kwa shati lake.

Jibu lilikuja kwa sauti, na simu ya nesi ilikuwa na spika kali, tukasikia sote.

"Dada, huyo ndiye yupi tena? Mimi nilitaka yule wa kwenye picha. Huyu nikimweka dirishani watu watadhani nauza dawa ya ukurutu. Akiota nywele uniambie."

Teksi ikapiga honi. Nesi alitazama simu, akatazama mlango, na usoni niliona njia zake zikiisha moja baada ya nyingine.

"Basi atabaki," alisema.

Hayo ndiyo maneno Mjomba aliyokuwa akiyasubiri mwezi mzima. Nilimgeukia nikitegemea kuona meno. Alikuwa amekunja uso vibaya kuliko siku zote zile.

"Anabaki kwa kuwa kule wamemkataa," alisema.

"Anabaki kwa kuwa gari linanisubiri," nesi alijibu. "Na kila Jumapili nitapiga simu ya video. Utamgeuza tumbo nilione."

Alitoa kwenye mkoba kitana cha chuma, kizee, meno matatu hayapo, akakiweka mkononi mwa Mjomba bila maelezo. Akamshika Meneja masikio yote mawili, akamwambia kitu ambacho sikukisikia, akatoka. Sisi hatukuagwa.

Siku ile nzima Mjomba alikuwa na kisirani. Mama alishuka akamuuliza si ulimtaka, si ndiye huyo. Akajibu kwamba hakumtaka hivi. Alisema mteja akiipokea kazi yako kwa sababu hana pengine pa kwenda, hiyo haikupokewa, imeachwa tu. Mama akamwambia anapenda kujitesa, akapanda zake juu. Mimi nilikuwa upande wa Mama, na pia nilikuwa bado na hasira na Mjomba, kwa ile kompyuta, kwa yale makwapa mekundu. Lakini sikupanda.

Alasiri alikaa sakafuni na kile kitana. Zilizobaki na cha kuchanwa zilikuwa skafu na mkia, naye akaanza na mkia. Aliugawa manyoya kwa vidole, akayainua, akaanza kwenye ngozi, kinyume, akikunja uso kila meno yalipopita utadhani ni yeye anayechanwa. Karibu na shina alikuta kifundo kidogo. Hakukikata. Alikifumua unywele mmoja mmoja, Meneja akinguruma, na kilipobaki kidogo tu Meneja akamng'ata kidole gumba, akanyanyuka, akaingia chini ya kochi.

Mjomba alijifunga kidole kwa kipande cha bitana. Kisha akalala kifudifudi, shavu kwenye vumbi, akanyoosha mkono wenye kitana kule gizani.

"Toka tumalize," alimwambia. "Mimi sina haraka."

Alikuwa nayo. Kulikuwa na makochi mawili ya kukabidhi kabla ya jioni, na mwenye moja alikuwa ameshafika mlangoni, anatazama miguu ya fundi wake ikichungulia kutoka chini ya kazi ya mtu mwingine.